Maswali ya Wasomaji: Mihadhara ya Karibiani kwa Saa za Tanga

Toleo lililopita tulichapisha tangazo fupi kuhusu mihadhara ya umma na semina za Chuo Kikuu cha West Indies, zinazoweza kufuatiliwa kwa intaneti. Barua zimekuja kutoka Chumbageni, Ngamiani, Makorora, Muheza na Pangani, na moja kutoka kwa jirani zetu wa Bagamoyo. Wengi wanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: hivi na sisi tunaruhusiwa? Mnaruhusiwa. Kazi iko kwenye saa, kwenye bando na kwenye namna ya kuuliza swali, na huko ndiko tulikokaa zaidi.

Wahariri, salaam. Niliona mhadhara wa Mona, Jamaica, umeandikwa Alhamisi, 6:00 p.m. Nikawaandaa wanafunzi wangu wa kidato cha sita. Saa kumi na mbili jioni tukafungua kompyuta, tukasubiri mpaka adhana ya isha, hakuna kitu. Tulidanganywa? — Mwalimu, Chumbageni

Hamkudanganywa, Mwalimu. Mliwahi, tena mliwahi sana: mlipofungua kompyuta, Jamaica ilikuwa saa nne asubuhi na mtoa mada pengine alikuwa bado darasani. Jamaica iko nyuma yetu kwa tofauti ya saa 8. Trinidad na Tobago, Barbados na Antigua ziko nyuma kwa saa 7. Nchi hizo hazisogezi saa zao kwa majira, na sisi hatusogezi, kwa hiyo tofauti ni ileile Januari hadi Desemba.

Msemaji wa Kiswahili ana njia ya mkato hapa ambayo Mwingereza hana. Chukua namba ya saa kama ilivyoandikwa kwenye tangazo. Kama kikao ni cha Jamaica, ongeza 2. Kama ni cha Trinidad, Barbados au Antigua, ongeza 1. Jibu lisome kwa saa za Kiswahili, na likizidi 12 toa 12. Mhadhara wa 6:00 p.m. Mona: 6 na 2 ni 8, yaani saa nane usiku. Mhadhara wa 6:00 p.m. Barbados: saa saba usiku. Semina ya 12:00 mchana St Augustine, Trinidad: 13, toa 12, ni saa moja usiku. Semina ya 10:00 a.m. Mona: saa kumi na mbili jioni. Hesabu hiyo haikosei, maana saa yetu ya Kiswahili imepishana na ya Kizungu kwa 6, na 8 ukitoa 6 inabaki 2.

Lililobaki ni kujua ni saa nane ipi. Asubuhi yao huangukia alasiri na jioni yetu. Kuanzia adhuhuri yao, kwetu jua limeshazama. Na jibu likifika saa sita usiku au kupita hapo, tarehe ya kalenda imegeuka: Alhamisi jioni ya Mona, simu yako itaandika Ijumaa, 2:00 a.m. Hapa ndipo watu wa pwani tunapopotezana. Ukimwambia mtu “Ijumaa saa nane usiku”, mmoja atakuja usiku wa kuamkia Ijumaa, mwingine atakuja usiku baada ya sala ya Ijumaa, na wote wawili watakuwa na hoja. Kwenye tangazo lako andika “usiku wa kuamkia Ijumaa” na uongeze tarehe.

Mitego mingine ni miwili. Wa kwanza ni kupiga hesabu kwa saa za New York kwa sababu ndizo zilizomo kwenye simu. New York husogeza saa. Wakati wa baridi hulingana na Jamaica, wakati wa joto hulingana na Trinidad, na asiyejua hupotea nusu ya mwaka. Wa pili ni herufi AST zinazoandikwa kwenye matangazo ya Barbados na Trinidad. Herufi hizohizo hutumika pia kwa saa za Arabuni, ambazo ni sawa na za kwetu. Programu ya kubadili saa ikikuambia hakuna tofauti kati ya AST na Tanga, imekupeleka Makka badala ya Bridgetown, Barbados. Andika jina la mji, usiandike herufi.

Kwa wanafunzi, Mwalimu, ushauri wetu ni kuacha mihadhara ya jioni, maana hakuna mzazi atakayekuachia mtoto saa nane usiku. Tazameni iliyorekodiwa. Mbashara fuateni semina za mchana wao, ambazo kwetu ni kati ya magharibi na saa tatu usiku.

Hicho chuo ni cha nchi gani hasa? Mara naona Jamaica, mara Barbados, mara Trinidad. — Mwanafunzi, Ngamiani, barabara ya 12

Ni kimoja chenye nchi nyingi. Kilianza mwaka 1948 pale Mona, Kingston, kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 33, wote wa udaktari wa tiba. Mwaka 1960 kikaungana na chuo cha kilimo cha St Augustine, Trinidad. Mwaka 1962 kikapata mamlaka ya kutoa shahada zake chenyewe, na 1963 ikafunguliwa kampasi ya Barbados, ambayo leo iko Cave Hill. Ya Five Islands, Antigua, ilifunguliwa 2019. Iko pia kampasi ya masomo ya mbali, iliyoanza kwa jina la Kampasi Huria mwaka 2008. Aliyezoea habari za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichokuwa na Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kabla ya kugawanywa 1970, ataelewa haraka: wenzetu hawakugawana.

Kinachokuhusu wewe ni kwamba kila kampasi ina ratiba yake ya mihadhara, na hakuna ubao mmoja wenye yote. Anayetafuta sheria aanzie Cave Hill, maana kitivo cha sheria kilianzia huko. Kilimo, kakao na volkano ni St Augustine. Historia ya utumwa na siasa ina mizizi Mona, ingawa Cave Hill haiko nyuma. Na si kila chuo cha Karibiani ni hiki: Chuo Kikuu cha Guyana ni kingine, kilianza 1963.

Wanangu, mimi niliishia darasa la saba, nikafanya kazi kwenye mkonge mpaka nikastaafu. Mjukuu wangu ananifasiria. Mhadhara na semina vina tofauti gani, na mtu kama mimi naingia kama nani? — Mzee wa Pongwe

Shikamoo, Mzee. Unaingia kama mwananchi, na ndiye hasa aliyewekewa mhadhara wa umma.

Mhadhara wa umma huwa na mtu mmoja mbele, dakika 45 mpaka 60, kisha maswali ya dakika 20 au 30. Hakuna karatasi ya kusoma kabla, na lugha yake imekusudiwa mtu asiye wa fani. Hufanyika jioni, watu wakishatoka kazini. Kabla ya mada kuna ukaribisho, wasifu wa mtoa mada na salamu za itifaki. Mwisho kuna neno la shukrani. Salamu hizo ni ndefu kama zetu, na ule usemi wetu wa “itifaki imezingatiwa” wanao na wao kwa Kiingereza chao. Ukichelewa dakika 15 hujakosa kitu.

Semina ni ya watu wa fani. Mara nyingi karatasi husambazwa siku kadhaa kabla, mtoa mada hueleza kwa dakika 20 au 30, na muda unaobaki ni wa kumhoji, wakati mwingine bila huruma. Milango ya semina nyingi iko wazi pia, ila asiyesoma karatasi atabaki kutazama midomo. Ukichelewa dakika 15 huko, umekosa nusu ya hoja.

Ukarimu huo una historia yake. Chuo kilipoanza tu kiliweka idara ya masomo ya nje ya kuta, chini ya Philip Sherlock, na idara hiyo ikawa na walimu wanaokaa visiwani, hata kule kusikokuwa na jengo la chuo, kazi yao ikiwa kufundisha watu wazima. Halafu mwaka 1955, Port of Spain, Trinidad, Eric Williams, mwanahistoria aliyepata udaktari wake Oxford, alianza kutoa mihadhara kwenye bustani ya Woodford Square, mbele ya jengo la serikali. Makuli, makarani na wauza samaki walisimama wakisikiliza habari za katiba na historia ya utumwa. Wakaiita bustani ile chuo kikuu. Mwaka uliofuata chama chake kilishinda uchaguzi, na baadaye akawa waziri mkuu mpaka alipofariki 1981. Kwa hiyo, Mzee, mkutubi au mlinzi kusimama na kumuuliza profesa swali ni jambo walilolizoea.

Tuko vijana 30 Makorora, tuna ukumbi wa kuazima na projekta. Tufanye nini ili kikao kisiharibike? Bando la kiasi gani? — Katibu wa kikundi

Tuanze na bando, maana ndilo linalokula fedha. Video ya ubora wa juu hula gigabaiti 1 mpaka 1.5 kwa saa, wakati mwingine zaidi. Ukishusha ubora hadi 360, inakuwa megabaiti 300 hadi 400 kwa saa, na kwenye ukuta wa ukumbi mdogo uso wa mtoa mada bado unaonekana vizuri. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni megabaiti 29 tu kwa saa. Mhadhara na maswali yake ni kama saa mbili. Kwa ubora wa 360 kuweni na gigabaiti 1.5, na hiyo ni pamoja na ya akiba. Zimeni kamera yenu. Picha yenu ikipanda nayo inakula bando, na hakuna anayeihitaji.

Bora zaidi, pakueni rekodi usiku bando likiwa rahisi, kisha muioneshe siku yoyote. Vyuo vingi huweka mihadhara ya umma kwenye chaneli zao baada ya siku chache. Mkiwa na rekodi mnaweza kusimamisha, na hilo ndilo jambo kubwa kwa kikundi chenye lugha mbili. Gaweni mhadhara wa saa moja katika vipande vinne vya dakika 15. Baada ya kila kipande, mtu mmoja aliyekwisha kuutazama nyumbani aeleze kwa Kiswahili dakika 5, asizidi. Tafsiri ya neno kwa neno huku mhadhara ukiendelea huchosha kila mtu: anayesikiliza Kiingereza anakerwa, anayesubiri Kiswahili anapata vijisehemu.

Kinachoharibu vikao vingi ni sauti, si picha. Spika ya kompyuta haitoshi watu 30. Tumieni spika ya nje, muiunganishe kwa waya, maana ya kuunganishwa bila waya huachana na kompyuta simu ya mtu ikiingilia. Iwekeni mbele, usawa wa kichwa cha aliyekaa, si sakafuni. Kama kikao ni mbashara, zimeni maikrofoni yenu tangu mwanzo; spika ikisikika kwenye maikrofoni yenu, sauti inazunguka na kurudi kama mwangwi au mlio mkali, na wenye kikao watawatoa kwa kubonyeza kitufe kimoja. Wakati wa kuuliza, punguzeni kwanza spika, ndipo mfungue maikrofoni.

Umeme nao upigieni hesabu. Projekta ndogo ni wati 250 hivi, kompyuta mpakato 65, spika 100. Jumla wati 415. Jenereta ndogo ya kilowati 1 inatosha na inabaki, ila iwekwe nje, upande ambao upepo unapeleka moshi na kelele mbali na madirisha. Kwa betri ya volti 12 na ampea-saa 100, mna wati-saa 1,200 kwa maandishi. Nusu tu ndiyo ya kutumia bila kuiua betri, na kigeuza umeme kinakula sehemu. Mtapata saa moja na robo. Haifiki mwisho wa mhadhara, kwa hiyo umeme ukikatika zimeni projekta, endeleeni kwa sauti. Kompyuta iwe imejazwa chaji na simu ya kurushia intaneti iwe dirishani, si mfukoni mwa mtu aliyekaa katikati ya ukumbi.

Kahawa na kashata ziwe baada. Vikombe vikianza kupita, hakuna atakayesikia habari za Barbados.

Naelewa Kiingereza cha darasani, lakini cha kwao kinanipita. Na nikitaka kuuliza natetemeka. — Dada, Raskazone

Dada, watoa mada wengi huongea Kiingereza sanifu chenye lafudhi ya kisiwani. Sikio linahitaji kama dakika 20 kukizoea, kwa hiyo usikate tamaa mwanzoni. Sikiliza mahojiano yoyote ya redio ya nchi hiyo siku moja kabla. Kigumu ni wakati wa maswali, hadhira inapoingiza lugha ya mtaani. Mjamaika akichanganya lugha yake ya nyumbani, hata Mbarbados wakati mwingine anauliza jirani yake. Manukuu ya kompyuta yasomayo sauti husaidia kwa maneno ya kawaida na huharibu majina ya watu na mahali. Andika jina ulivyolisikia, ulitafute baadaye.

Swali andika kabla hujalisema. Mtu huzungumza maneno kama 125 kwa dakika; swali zuri ni nusu dakika, yaani maneno 60, na hapo jina lako na mji wako vimo. Jina, “kutoka Tanga, Tanzania”, jambo moja alilosema mtoa mada, halafu swali moja. Ukisema “nina maswali matatu”, mwenyekiti atachagua lile jepesi na kukushukuru.

Swali baya ni hili: “Unasemaje kuhusu maendeleo ya Afrika na Karibiani?” Halina pa kushika, atajibu dakika 7 na hutapata kitu. Lililo bora: “Umesema mashamba ya miwa yalipofungwa, ardhi ilibaki kwa wachache. Sisi Tanga mashamba ya mkonge yalitaifishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Je, kuna kisiwa ambacho serikali ilichukua mashamba, na wafanyakazi walipata nini?” Swali hilo lina mkono wa kushika pande zote mbili, na wasikilizaji wa huko nao watataka kujua habari za mkonge.

Kwenye vikao vikubwa hadhira haifunguliwi maikrofoni. Kuna kisanduku cha maswali. Andika mapema, dakika ya 30 au 40, usisubiri mtoa mada amalize. Mwenyekiti husoma yaliyo juu, na dakika za mwisho hujaa maswali ambayo hayatafikiwa.

Kuna chochote cha kumsaidia mkulima? — Bwana shamba, Muheza

Kipo, na undugu wake na eneo lenu ni wa zamani. Chuo cha kilimo cha St Augustine, kilichoitwa Imperial College of Tropical Agriculture kabla ya 1960, kilikuwa mahali ambapo maofisa kilimo wa makoloni ya Waingereza walimalizia mafunzo yao, na baadhi wakaletwa Tanganyika. Jarida lake la kilimo cha kitropiki lilianza 1924 na bado linatoka. Kwenu, juu pale Amani, kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani 1902 kikaja kuwa mahali ambapo muhogo ulichanganywa na mpira wa porini ili ustahimili ugonjwa wa batobato. Ni jamii moja ya watafiti waliokuwa wakisomana.

Kwa leo, tafuta mambo mawili. Kakao: St Augustine wanatunza benki ya vinasaba vya kakao, mojawapo ya kubwa duniani, na semina zao za uchachushaji na ukaushaji zinamfaa yeyote mwenye miti michache ya kakao kwenye kivuli cha Usambara. Minazi: Jamaica ilipoteza sehemu kubwa ya minazi yake mirefu katika miaka ya 1960 na 1970 kwa ugonjwa unaogeuza makuti njano, kupukutisha nazi changa na mwishowe kukata kilele. Mkulima wa Muheza au Pangani hahitaji kuchorewa picha. Vimelea vya huku na kule ni ndugu, si vilevile, na hapa ndipo watu hukosea: wanasikia aina fulani ilistahimili Jamaica, wanaagiza mbegu. Aina iliyostahimili kule haina dhamana kwako, na hata huko Jamaica aina zilizosifiwa zilikuja kuugua baadaye. Kwenye semina uliza jinsi walivyopima ustahimilivu, ilichukua miaka mingapi na walipanda miche mingapi, kisha peleka majibu kwa watafiti wa kilimo wa Mlingano kabla hujaingiza mche shambani.

Mimi ninalima mwani Pangani. Nasikia kwao mwani ni balaa? — Mama Mkulima

Ule ni mwingine, Mama. Unaoelea na kurundikana ufukweni Karibiani tangu 2011 ni sagasamu: haupandwi, unakuja na mikondo ya bahari, ukioza unatoa harufu ya yai viza. Cave Hill wanatoa mada juu yake mara kwa mara. Namna wanavyoukausha na kuutafutia matumizi inaweza kukufaa. Namna ya kuulima hutaipata huko.

Nafundisha historia Bagamoyo. Habari za utumwa tunazo, nataka kuziunganisha na za kwao. Na ni kweli Walter Rodney alikuwa mtu wa chuo hicho? — Mwalimu, Dunda

Ni kweli. Rodney alizaliwa Georgetown, Guyana, 1942, akasoma Mona na kuhitimu 1963, akapata udaktari London 1966 akiwa na miaka 24, akaja kufundisha Dar es Salaam. Januari 1968 alirudi Mona kufundisha historia ya Afrika. Darasa halikumtosha, aliwafuata Marasta na vijana wasio na kazi kwenye viwanja na mabonde ya Kingston, akawafundisha wameketi chini. Serikali haikupenda. Tarehe 15 Oktoba 1968, akirudi kutoka mkutano wa Montreal, alizuiwa kushuka kwenye ndege. Kesho yake wanafunzi waliandamana na mji ukawaka. Mwaka 1969 alirudi Dar es Salaam, akakaa mpaka 1974, na kitabu chake kinachojulikana zaidi, juu ya Ulaya na kudumaza maendeleo ya Afrika, kilichapishwa 1972 London na hapa kwetu na Tanzania Publishing House. Aliuawa kwa bomu Georgetown, 13 Juni 1980. Mhadhara wowote wa kumkumbuka una kipande cha Tanzania ndani yake, na watoa mada wa huko mara nyingi wana njaa ya habari za miaka yake ya Dar. Hapo una cha kuwapa, si kupokea tu.

Kuhusu utumwa, Mwalimu, angalia tofauti kabla ya kuunganisha. Misafara iliyoishia Bagamoyo ilipeleka watu zaidi Zanzibar, Arabuni na visiwa vya Bahari ya Hindi. Karibiani ilichukua wengi wake kutoka Afrika Magharibi na Kongo. Ukiuliza swali linalochanganya njia hizo mbili, mwanahistoria atatumia muda wote kukusahihisha. Mada iliyo hai zaidi sasa ni fidia. Nchi za CARICOM, yaani Jumuiya ya Karibiani, ziliunda tume yake 2013 na kutoa hoja kumi 2014. Chuo kikafungua kituo cha utafiti wa fidia. Na 2019 Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, baada ya kuchunguza misaada kiliyoipokea kutoka kwa waliotajirika na utumwa, kikatia saini mkataba wa kutoa pauni milioni 20 kwa miaka 20 kwa utafiti wa pamoja. Ulizia jinsi Glasgow ilivyofuatilia fedha hizo kwenye madaftari yake. Njia hiyo inaweza kujaribiwa kwenye kumbukumbu za pembe na watumwa za pwani yetu.

Nikihudhuria napata cheti? — Msomaji, Duga

Hapana. Kozi fupi zenye cheti zipo, zinalipiwa, na ni jambo jingine.

Nina utafiti wangu wa uzamili juu ya majumba ya Tanga ya kale. Naweza kuwasilisha kwenye semina yao? — Mwanafunzi wa uzamili

Ndiyo, wakitangaza wito wa mada. Tuma ikisiri ya maneno 200 hadi 300 yenye mambo manne: swali lako, ulichokitazama, ulichokiona, na kwa nini mtu wa Karibiani ajali. Hilo la nne ndilo wengi hulisahau. Kwako ni rahisi: baraza za mbao na madirisha ya kupitisha upepo zipo Tanga na zipo Port of Spain, zote miji ya bandari ya joto, eleza tofauti ya nani alijenga na nani alilala humo.

Dakika 20 ni maneno 2,400 ya kusoma kwa utulivu, si zaidi. Slaidi 10 zinatosha. Karatasi ifike kwa wasomaji wiki moja kabla. Ukiituma usiku wa kuamkia kikao, mjadala wote utakuwa juu ya mambo ambayo tayari umeyajibu ukurasa wa 9. Rekodi video ya uwasilishaji wako na uitume kwa waandaaji mapema, ili umeme ukikatika Tanga waicheze wao, wewe ujibu maswali kwa simu.

Na tarehe ya mwisho ikiwa 11:59 p.m. ya Jamaica, tumia ile njia ya mkato: unayo mpaka saa 1:59 asubuhi ya siku inayofuata. Ya Trinidad, saa 12:59 asubuhi. Usiitumie yote.

Tukirekodi mhadhara, tukauweka kwenye kundi la WhatsApp kwa Kiswahili, kuna kosa? — Katibu, Makorora (barua ya pili)

Sauti na picha ni mali yao na ya mtoa mada. Ombeni ruhusa kwa barua pepe ya mistari mitano. Muhtasari kwa maneno yenu wenyewe, mkitaja jina la mtoa mada, chuo na tarehe, haukatazwi. Semina ni tofauti: karatasi iliyoandikwa “isinukuliwe” bado ni rasimu, usisambaze hata ukurasa mmoja.

Miezi gani hakuna kitu? — Msomaji, Mwang'ombe

Muhula wa kwanza huanza mwishoni mwa Agosti, wa pili Januari. Desemba na Mei ni mitihani, ratiba hukauka. Juni na Julai kuna makongamano zaidi kuliko mihadhara. Trinidad usitegemee lolote Jumatatu na Jumanne kabla ya Jumatano ya Majivu, ni siku za Kanivali. Msimu wa vimbunga ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na Septemba ndiyo kilele chake. Tahadhari ikitolewa, chuo hufungwa na kikao huahirishwa kwa tangazo la saa chache. Kabla ya kukodi jenereta, fungua ukurasa wa kampasi jioni hiyohiyo.